Kruzi kwa mara ya kwanza: anza na pasi yako na bandari, meli itafuata

Swali ninaloulizwa kila mara kuhusu safari za meli za kitalii, hizi ambazo siku hizi watu wanaziita kruzi, ni meli ipi nzuri. Mtu anakutumia picha ya limeli lina ghorofa 20, juu kuna slaidi za maji na mabwawa, anakwambia nataka hii hii, nianze kulipa wapi. Mi ushauri wangu unaanzia kwingine kabisa. Weka picha ya meli pembeni, toa pasi yako ya kusafiria iweke mezani, fungua ramani, alafu ndo tuongee. Manake meli zinafanana kuliko matangazo yanavyosema, kitanda ni kitanda na bafe ni bafe, ila bandari utakazoshuka na masaa utakayopewa ya kuwa nchi kavu ndo safari yenyewe, na pasi yako ndo itaamua kama unashuka au unabaki juu unaangalia wenzio wakiteremka ngazi.

Mfano nitakaoutumia sana ni ile njia ya wiki moja ya Mediterania ya magharibi: Barcelona, Marseille, Genoa, Naples, Messina, Valletta kule Malta, siku moja baharini tu, alafu unarudi Barcelona. Kwa mtu anayetoka Dar au Nairobi naona ndo njia nzuri ya kuanzia Ulaya, na sababu kubwa iko hapo hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Pasi na viza, kabla hujalipa hata senti

Angalia bandari zote za ile njia, moja moja, uandike pembeni kila moja iko nchi gani. Kwenye mfano wetu una Hispania, Ufaransa, Italia na Malta. Zote ziko ndani ya Schengen, yani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwaiyo viza moja ya Schengen, hata kama ni ya kuingia mara moja tu, inakutosha kuanzia unapotua Barcelona mpaka unapopanda ndege kurudi nyumbani. Sasa chukua njia nyingine ambayo kwenye tangazo inaonekana kama ndugu yake, ila badala ya Malta inapita Tunis. Hapo umetoka Schengen na unarudi tena, yani unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja, na kama ubalozi umekupa ya mara moja basi safari imeshaharibika kabla haijaanza. Hivo hivo kwa njia zinazopita Istanbul na Kusadasi kule Uturuki, au Kotor kule Montenegro. Croatia iliingia Schengen mwaka 2023, kwaiyo Dubrovnik siku hizi haina shida hiyo. Uingereza haimo, ukiona meli inaanzia Southampton jua ni viza ya Uingereza, na kama inapita Ufaransa na Hispania basi ni viza mbili.

Mambo ya Schengen yanayowaangusha watu ni madogo madogo. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki na angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka. Bima ya safari ifikie euro 30,000. Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na kisheria mwisho ni siku 15 kabla, lakini tafadhali usiende na hiyo 15, miezi ya kiangazi cha Ulaya kupata tu miadi ya kupeleka makaratasi ni kazi. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi, zikilingana unaomba kwa nchi unayoingilia kwanza. Kwa kruzi hiyo hesabu inachanganya manake Italia inaweza kuwa na bandari tatu na Hispania ndo umelala hoteli, kwaiyo ambatanisha ratiba yote ya meli na uulize kituo cha maombi kabla hujachagua.

Na hili lishike vizuri: kampuni ya meli haikuombei viza. Wanakuuzia tiketi bila kukuuliza chochote, alafu siku ya kupanda wanakagua, karatasi ikipungua wanakurudisha pale pale kaunta na hela hairudi. Sio uonevu, imeandikwa kwenye masharti ambayo wengi wetu hatusomi.

Kwa wale ambao viza za Ulaya zinawatia kiwewe kuna mlango mwingine, Durban. Pasi ya Tanzania na ya Kenya inaingia Afrika Kusini kwa matembezi mafupi bila viza, na kila kiangazi chao, kuanzia kama Novemba mpaka Machi au Aprili, kuna meli kubwa inaweka kambi pale na kufanya safari fupi za siku tatu nne kwenda Msumbiji, Kisiwa cha Wareno karibu na Maputo, wakati mwingine Pomene. Mi namwambia mtu ambaye hajui kama ataipenda bahari aanzie hapo, ni safari fupi, hela ni ndogo, na ukigundua kuishi melini hakukufai umepoteza wikiendi tu. Hakikisha na masharti ya Msumbiji kwa pasi yako, na ujue kwamba kule kisiwani mnashushwa kwa boti ndogo, bahari ikichafuka hamshuki.

Kwa walioko Ghuba, njia za kutoka Dubai zinaenda Abu Dhabi, Doha na Muscat wakati wa baridi. Dubai viza yako iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli inatoka nchini na kurudi. Njia hizi tangu mwisho wa 2023 zimeyumba kutokana na mashambulizi ya meli kwenye Bahari ya Shamu, kuna makampuni yamefuta misimu mizima, kwaiyo usikate tiketi ya ndege isiyorudishwa hela kwa njia ya Ghuba mpaka uone meli yenyewe imefika. Ila ukiipata, siku ya Muscat ni ya kukumbukwa, meli inafunga Mutrah kabisa, ukitoka getini ni mwendo mdogo tu mpaka sokoni, na ukikaa kidogo kwenye maduka ya ubani na vitambaa hukosi kusikia mzee wa Kiomani akiongea Kiswahili safi cha Unguja, salimia kwa adabu, sema shikamoo, na bei nayo inalainika.

Kadi ya homa ya manjano beba hata kama hujaambiwa. Tangu 2016 chanjo moja inahesabika ya maisha, lakini inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano.

Hatua ya 2: Soma ratiba kwa masaa

Tangazo linasema Roma, meli inafunga Civitavecchia. Linasema Florence, inafunga Livorno. Linasema Paris, inafunga Le Havre, na toka pale mpaka Paris ni kama kilomita 200. Hawajadanganya, ila hawajakwambia yote.

Fanya hesabu hii kwa kila bandari. Meli inafunga gati saa 2 asubuhi, inaondoka saa 11 jioni, kwa macho ni masaa 9. Toa lisaa limoja la mwanzo la kupanga foleni ya kushuka, toa lisaa limoja la mwisho kwa sababu abiria wote wanatakiwa ndani kabla meli haijang'oa, zimebaki 7. Civitavecchia mpaka Roma kwa treni ni kama lisaa, bado hujatoka bandarini kwenda stesheni na kusubiri treni, kwaiyo kwenda na kurudi weka masaa 3. Roma yako ni masaa 4. Kwa masaa 4 utaona Colosseum kwa nje, utakula chakula kwa haraka, utarudi unakimbia. Mi kwa Roma naona bora mtu afike siku mbili kabla, alale Roma, aione kwa raha zake, afu ndo aende kupanda meli Civitavecchia kama njia yake inaruhusu kupandia hapo.

Sasa linganisha na Naples. Meli inafunga katikati ya mji, unatoka getini unakutana na ngome ya Castel Nuovo pale pale. Ukitaka Pompeii kuna treni ya Circumvesuviana, chini ya dakika 45 upo Pompei Scavi, unashuka na geti la magofu lile pale. Au Valletta, hiyo ndo bandari ninayoipenda kuliko zote za njia hii: meli inaingia asubuhi kwenye Grand Harbour kuta za ngome zikiwa pande zote mbili, mawe ya rangi ya asali, na watu wote wanapanda juu kuangalia kimya kimya, amka mapema hata kama wewe sio mtu wa asubuhi. Ukishuka kuna lifti ya Upper Barrakka inakupandisha moja kwa moja mpaka bustani iliyo juu ya kuta, mji wote unautembea kwa miguu. Bandari za hivi mbili tatu zina thamani kuliko tano za kukimbizana na basi.

Kwaiyo ukiwa na njia mbili bei sawa, chagua yenye bandari za karibu na mji na masaa marefu, hata kama meli ni ya zamani na ndogo. Meli kubwa sana nazo zina gharama yake ya muda. Icon of the Seas, iliyoanza kazi Miami Januari 2024, inaweza kubeba abiria mpaka 7,600, hebu fikiria hao wote wanashuka asubuhi moja kwenye kimji cha kisiwani. Kama una watoto wadogo na unachotaka ni slaidi na mabwawa, sawa, hiyo ni meli yako na bandari hazina umuhimu, nakubali kabisa. Ila kama umetoka Tabora au Kisumu kwenda kuona dunia, usilipe hela ya dunia ukaishia kuona bwawa.

Na angalia kama kuna bandari za kushushwa kwa boti ndogo. Santorini ni hivyo, meli inatia nanga nje, mnashushwa kwa boti, alafu kupanda juu mjini ni lifti ya waya yenye foleni ndefu au ngazi zaidi ya 500. Kama unasafiri na mama mwenye magoti mabovu hiyo sio bandari yake, mwambie mapema.

Hatua ya 3: Msimu

Mediterania: Mei, mwanzo wa Juni, Septemba, Oktoba. Julai na Agosti ni joto kali, shule zimefungwa, bei juu, na watu ni wengi mpaka unakosa pa kuweka mguu. Karibiani: msimu rasmi wa vimbunga ni Juni 1 mpaka Novemba 30, ndo maana Septemba ni bei poa, meli haitaingia kwenye kimbunga lakini itabadilisha njia, na wana haki hiyo kwenye mkataba. Ukikubali hilo nenda, ukiwa na kisiwa kimoja unachokitaka kufa kupona usiende.

Wenye muda wa kutosha watafute zile safari za kuhamisha meli. Majira ya kuchipua zinatoka Karibiani kwenda Ulaya, vuli zinarudi, bei kwa usiku mmoja mara nyingi ni ndogo sana, siku nyingi mnakuwa baharini tu. Ni kwa mtu anayependa kitabu na utulivu.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya bei yote

Bei ya tangazo ni ya mtu mmoja kwenye chumba cha watu wawili. Ukienda peke yako mara nyingi unalipa chumba kizima, yani karibu mara mbili. Kuna meli chache zina vyumba vya mtu mmoja, vinaisha mapema sana.

Tuseme tangazo ni dola 700 kwa mtu, mko wawili, wiki moja. Uliza kwanza kodi na ada za bandari zimo au hazimo. Alafu ongeza bakshishi, ambayo inakatwa kwa kila mtu kwa kila siku, meli za soko la Marekani ni kama dola 16 mpaka 20, za Ulaya ni kuanzia kama euro 11 au 12. Kwa dola 18 mara watu 2 mara siku 7 hiyo ni dola 252. Intaneti, ongeza. Vinywaji, ongeza, na kwenye baadhi ya meli za Ulaya hata maji ya chupa mezani kwenye mgahawa unalipia, ya bure yako kule kwenye bafe. Matembezi ya bandarini, ongeza. Ndege, viza za watu wawili, bima, hoteli ya usiku wa kabla, teksi. Ukimaliza, ile 1,400 imekuwa sehemu ndogo ya gharama yote, na ni afadhali ujue ukiwa nyumbani kwako na kalamu mkononi.

Kuhusu bakshishi nina neno. Kuna watu wanakwenda kaunta siku ya pili kuomba ile hela itolewe kwenye bili, na kwenye meli nyingi inawezekana. Usifanye hivyo. Yule kijana anayetandika chumba chako mara mbili kwa siku yuko kwenye mkataba wa miezi 6 mpaka 9 bila kwenda kwao, wengi ni Wafilipino, Wahindi, Waindonesia, siku hizi na Waafrika wenzetu wamo, na hiyo hela ni sehemu ya mapato yake, sio zawadi ya juu. Kama bajeti haifiki chukua chumba cha bei ya chini, ile hela iache ilipo.

Paketi ya vinywaji: kama hunywi pombe usikubali kuuziwa kwa maneno matamu. Kuna paketi za juisi, soda na kahawa tu, bei yake ni ya chini sana. Na makampuni mengi mtu mzima mmoja wa chumba akinunua ya pombe, mtu mzima mwenzie wa chumba hicho naye lazima anunue, kwaiyo mume na mke mpatane kabla.

Hatua ya 5: Chumba

Kuna cha ndani kisicho na dirisha, cha dirisha, cha balkoni, na vile vya kifahari. Kwa njia yenye bandari karibu kila siku kama hii yetu, cha ndani kinatosha kabisa, unalala tu humo, na giza lake ni zuri kwa usingizi. Balkoni lipia kwenye njia ambazo bahari yenyewe ndo kivutio, Norway na Alaska, au safari yenye siku nyingi za baharini.

Mahali pa chumba pana umuhimu kuliko aina yake. Katikati ya meli na chini, si tezini wala omoni, hapo mtikisiko ni mdogo. Fungua mchoro wa sitaha uangalie juu yako kuna nini na chini yako kuna nini. Juu kukiwa na sitaha ya bwawa utasikia viti vikiburuzwa alfajiri, chini kukiwa na disko utalisikia mpaka usiku wa manane. Kizuri ni chumba kilichobanwa kati ya sitaha mbili za vyumba. Ile bei ya chini kabisa ambayo kampuni inakuchagulia chumba yenyewe ni nzuri kwa vijana, ila kama unaumwa kichefuchefu baharini lipa tofauti uchague mwenyewe.

Watu wa kwetu wanaogopa kutapika kwa sababu wanakumbuka boti ya Zanzibar wakati wa kusi. Sio sawa. Meli hizi ni nzito na zina mapezi pembeni ya kupunguza mrama, siku nyingi utasahau kama uko majini. Lakini sio kila siku, kati ya Barcelona na Marseille kuna Ghuba ya Simba ambako upepo wa mistrali ukiamka hata limeli linacheza. Muulize mfamasia dawa kabla ya safari na uimeze kabla hali haijaanza, ukishaanza kutapika dawa inachelewa. Tangawizi nayo inasaidia, na kukaa sehemu unayoona upeo wa bahari.

Hatua ya 6: Kulipa na kufika

Unaweka amana, baki unamalizia kama miezi miwili mitatu kabla, na kadri siku zinavyokaribia ndivyo unavyopoteza zaidi ukifuta. Kwaiyo soma tarehe za kufuta kwanza, alafu upange maombi ya viza yajibiwe kabla ya ile tarehe ya malipo ya mwisho. Hiyo ndo siri ya kupanga kwa mtu wa pasi yetu, tarehe hizo mbili ziandike kwenye karatasi moja.

Bima iwe na matibabu ya baharini na kusafirishwa mgonjwa. Hospitali ya melini ni ya kulipia, na bili yake sio ya kitoto.

Ndege ifike siku moja kabla, angalau. Ukiunganisha Addis, Doha au Istanbul, kuchelewa mara moja tu kunatosha kukuacha, na meli haisubiri ndege. Usiku mmoja wa hoteli Barcelona ni bei ndogo kwa amani hiyo, na begi likipotea lina siku ya kukufikia.

Hatua ya 7: Kufungasha

Usibebe pasi ya nguo, heta ya maji wala ile eksitensheni ya kuzuia umeme kuruka, vinachukuliwa mlangoni kwa sababu ya moto. Beba chaja yenye matundu mengi ya USB. Beba kanga mbili au kikoi, ni taulo, ni shuka, ni vazi la kuingilia kanisani Italia wanapokataa mabega wazi. Viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Nguo moja ya heshima kwa ule usiku wa kupendeza, na kitenge kilichoshonwa vizuri au kanzu ni vazi la heshima kabisa, mbona unapendeza kuliko hao wa suti.

Begi kubwa utalikabidhi gatini na linaweza kufika chumbani jioni. Kwaiyo begi la mkononi liwe na dawa zote, pasi, hela, nguo ya kubadilisha, na vya mtoto. Nakala ya pasi na viza iwe mfukoni, manake kwenye baadhi ya njia meli inakusanya pasi za abiria na kukaa nazo mpaka mwisho.

Watoto: meli nyingi hazichukui chini ya miezi 6, na kwa kuvuka bahari kuu miezi 12. Ukisafiri na mtoto bila mzazi mwenzio beba cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa.

Hatua ya 8: Siku ya kupanda

Jisajili mtandaoni mapema, chagua saa ya kuja. Wakikuomba kadi ya benki ya kufungulia akaunti ya melini, kama ni debit uliza watazuia kiasi gani, manake hela inashikiliwa kwenye akaunti yako na inachukua siku kadhaa kuachiwa hata kama hukuitumia. Meli nyingi zinakubali pia uweke taslimu.

Zoezi la usalama fanya kwa makini, nenda kweli mpaka kituo chako cha kukusanyikia ukakione kwa macho. Meli ya kitalii Costa Concordia ilipogonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio kule Italia Januari 13, 2012 watu 32 walikufa, na baadhi ya abiria waliopanda siku ile ile walikuwa bado hawajafanya zoezi. Baada ya hapo ndo ikawa sharti zoezi lifanyike kabla au mara tu meli inapoondoka. Sisi wa Pwani na wa Ziwa tunajua meli kuzama ni nini, hatuhitaji kubembelezwa kwenye hili.

Hatua ya 9: Maisha ya ndani

Simu weka hali ya ndegeni kabla meli haijaondoka. Mtandao wa simu wa baharini ni wa setelaiti na makato yake yanatisha. Tumia wifi ya meli uliyolipia, au subiri bandarini na laini ya Ulaya ya eSIM, ile isiyo na kadi ya kuchomeka.

Mikono ioshwe kwa maji na sabuni kila unapoingia bafe. Ile jeli ya mlangoni haiui vizuri norovirusi, na hicho ndo kirusi cha matumbo kinachosambaa melini.

Waislamu: andikeni ombi la chakula halali siku ya kukata tiketi, sio siku ya kupanda, na hata hivyo muulize mhudumu mkuu wa mgahawa siku ya kwanza, samaki na mboga vipo siku zote. Kibla kinabadilika meli inapogeuka, kuna chaneli ya tv chumbani inayoonyesha ramani na uelekeo wa meli, iangalie kabla ya kutandika mswala, dira ya simu ndani ya chuma haiaminiki.

Kila usiku angalia bili yako kwenye tv au kwenye programu ya meli. Kosa la siku ya pili linarekebishwa siku ya pili kwa dakika tano, la siku ya mwisho unalipangia foleni.

Hatua ya 10: Kushuka bandarini na kurudi

Pale kwenye ngazi ya kushukia kuna ubao umeandikwa saa ya mwisho ya kurudi. Simama, upige picha. Imeandikwa kwa saa 24, kwaiyo 16:30 ni saa 10 na nusu jioni, msichanganye na saa yetu. Na uulize kama saa ya meli ni sawa na saa ya nchi, mara nyingine zinatofautiana lisaa zima na simu yako inafuata ya nchi. Nakili pia namba ya wakala wa bandari, huwa iko kwenye karatasi ya ratiba ya siku.

Ukienda na matembezi yaliyoandaliwa na meli yakichelewa, meli inawasubiri. Ukienda mwenyewe haikusubiri. Machi 2024 abiria 8 walichelewa São Tomé, wakarudi wakaikuta meli bado iko nanga pale inaonekana, na hawakupandishwa. Walikatiza nchi kadhaa za Afrika wakaifuata Gambia, meli ikashindwa kuingia bandarini sababu ya kina cha maji, ikabidi waikute Dakar. Kwaiyo kanuni yangu: mji ukiwa mbali na bandari, kama Florence kutoka Livorno, nenda na basi la meli hata kama ni ghali. Mji ukiwa hapo hapo, kama Valletta, Naples, Messina, nenda mwenyewe kwa miguu, kula wanapokula wenyeji, na uwe umerudi lisaa limoja na nusu kabla.

Pesa ya matembezi ya meli kwenye bandari ya karibu ni hela ya kutupa. Genoa kwa mfano, unatoka gatini unatembea mwenyewe mpaka vichochoro vya mji wa kale, vyembamba kama vya Mji Mkongwe, unakula focaccia ya moto, ule mkate bapa wa Kiitaliano, kwa euro chache.

Usiku wa mwisho

Mabegi yanatolewa koridoni kabla ya usiku wa manane yakiwa na lebo za rangi. Usifungie ndani nguo ya kuvaa kesho, dawa, wala pasi. Pitia bili mstari kwa mstari. Kama pasi yako walikuwa nayo hakikisha umeipata na ukague viza bado ina siku.

Asubuhi meli inafunga mapema lakini kushuka kunaenda kwa makundi, kwaiyo ndege ya kurudi usikate ya kabla ya saa 7 mchana, na kama bandari iko mbali na uwanja wa ndege kama Civitavecchia na Fiumicino weka saa 8 au 9. Ukiwa na begi unaloweza kulibeba mwenyewe waambie unashuka na mzigo wako, watakuruhusu uwe wa kwanza kwanza, na Barcelona ukiwa nje saa 2 asubuhi una muda wa kunywa kahawa La Rambla kabla ya basi la uwanjani.